Muhuri wa Babu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa na pini nne mdomoni na sketi ya shule mapajani, nimeganda, kwa sababu ya neno moja lililotoka kwenye benchi la wateja. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nilizimeza pini. Sikuzimeza. Afadhali ningezimeza.

Kwa wewe uliyeletewa gazeti hili leo likiwa limefungia sabuni, nakufupishia. Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja, fundi cherehani. Nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Nilisoma mpaka darasa la saba. Mengine yote nimeyapata kwa sikio la kulia, maana la kushoto ni pambo tu.

Ninaishi na binti yangu, anayefua mashuka hospitalini, pamoja na mjukuu wangu wa kike wa miaka kumi na saba. Mjukuu nimembandika jina la Bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani. Tangu utotoni hatulii, ni kuzunguka tu.

Nimekwisha kuwasimulia jinsi Bobini alivyoporomoka darasani, kutoka wa pili mpaka wa thelathini na moja. Na jinsi mwalimu wa kwaya alivyomtoa, akisema sauti ya huyu mtoto siku hizi inatembea pembeni ya wimbo.

Mimi nikasema, ni mapenzi hayo. Yatapita.

Maana mwenye mapenzi mwenyewe nilikuwa namjua. Kijana wa kidato cha mwisho, nadhifu, anakuja mchana kweupe, na "Shikamoo Bibi" imeshatoka kabla hajavua viatu. Nilimpa jina la Mstaarabu. Nikamshonea na shati, kola imesimama kama askari. Mkono wake wa kulia niliupima kwa utepe wangu mwenyewe. Nikausifu kwa urefu.

Sasa turudi kwenye benchi.

Wasichana watatu walikuwa wanasubiri kujaribu sare. Mmoja namwita Redio, hazimwi. Wa pili ni Dada Mkuu wa shule yao. Wa tatu kadogo, kakali, nakaita Pilipili.

"Wako ameshakupiga muhuri?" Redio alimuuliza Dada Mkuu.

"Bado," Dada Mkuu akajibu, kwa unyonge wa mtu aliyefeli mtihani. "Tuko pamoja mwezi wa tano huu. Hata simu yangu hajawahi kuikagua."

"Pole, shoga."

"Juzi nimemchokoza. Nimemwambia yule kijana wa duka la dawa amenisifia macho. Unajua alisema nini? Alisema, 'Kweli, una macho mazuri.'"

"Basi?"

"Basi."

"Huyo hana habari na wewe kabisa," Redio akatoa hukumu.

Pilipili akadakia, "Mimi mtu akininyanyulia mkono, namrudishia na nyongeza juu."

"Ndiyo maana huna mtu," Redio akamwambia, na wawili wale wakagongeana viganja.

Nikauliza kwa pembe ya mdomo, pini zikiwa pale pale. "Muhuri gani huo mnaousema? Mmeajiriwa posta?"

Wakaangua kicheko mpaka benchi likasogea.

"Bibi naye! Si muhuri wako?" Redio alisema huku akijifuta machozi. "Wa babu! Bobini katusimulia, shule nzima tunausema. Mwenye muhuri ndiye mwenye mtu. Asiye na muhuri, barua yake bado iko mezani."

Hapo ndipo nilipoganda.

Inabidi niwaeleze hadithi ya muhuri. Ni hadithi yangu. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye foleni za hospitali. Imevunja mbavu za watu wazima na adabu zao.

Marehemu mume wangu alikuwa karani wa posta. Kazi yake kupiga muhuri barua, kutwa, paa, paa, paa. Siku moja, mimi bibi harusi wa juzi tu, nimesimama mlangoni, anapita fundi saa wa mtaani, ananiuliza saa ngapi. Fundi saa mzima, ananiuliza mimi saa! Nikacheka. Mume wangu anatokea, mkono wake bado una mwendo wa kazini, haujajua kama zamu imekwisha. Paa! Ukatua shavuni kwangu.

Hapo huwa napiga kibao cha cherehani, watu wanashtuka.

Nikamuuliza, mume wangu, umenipiga muhuri wa mji gani? Akasema, wa hapa hapa, usije ukarudishwa kwa aliyekutuma.

Halafu namalizia kwa kugeuza kichwa, natega sikio la kulia, nakunja uso: "Eeeh? Umesemaje?" Hapo ndipo watu wanapogaragara. Watoto wote wa ukoo huu wanajua kugeuza kichwa hivyo. Ndio urithi wao kutoka kwangu. Wengine wanaachiwa mashamba.

Nikatema pini kiganjani. "Bobini!" nikaita. "Njoo nikupime, nawe sketi yako imekulegea."

Akatoka chumba cha ndani, akasimama karibu na kabati, ubavu wake wa kushoto kwangu. Nikamwambia asogee. Hakusogea. Nikarudia. Akageuza kichwa, akatega sikio la kulia, akakunja uso.

"Eeh? Umesemaje, Bibi?"

Benchi likalipuka. Hata Pilipili alicheka.

Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mshenzi wewe, unaniigiza mbele yangu? Ngoja nife kwanza ndipo urithi."

Bobini naye akacheka. Lakini alichelewa. Alicheka baada ya kuona wengine wanacheka, kama mtu anayesoma kicheko midomoni mwa watu.

Nami kuchelewa kule nakujua. Ni kuchelewa kwangu mwenyewe. Nimekuwa nako miaka arobaini na sita.

Nikasimama nyuma yake na utepe. Nikamzungushia kiunoni, zimepungua inchi mbili tangu mwezi wa kwanza. Nikainama kwenye sikio lake la kushoto, nikanong'ona:

"Mstaarabu yuko mlangoni."

Bobini aliendelea kuangalia dirisha.

Nikahamia sikio la kulia. Kwa sauti ile ile, "Mstaarabu yuko mlangoni."

Aliruka. Utepe ukanitoka. Mkono mmoja ukaenda kwenye nywele kuzitengeneza, wa pili ukaenda usoni, kiganja nje, kama mtu anayejikinga na jua. Chumbani mwangu hamna jua mchana ule.

Mkono wa nywele nilikuwa nautegemea. Ule wa pili ndio ulionikata maini.

"Wanangu," nikawaambia wa kwenye benchi, "cherehani imekata mkanda. Njooni kesho."

"Mbona mkanda nauona mzima, Bibi?" Redio akauliza.

"Unaona mkanda, huoni mlango?"

Wakaenda. Nikashusha pazia la mlangoni, lile la kuzuia vumbi. Nikamkalisha Bobini kwenye kigoda, nami nikavuta stuli ubavuni kwake. Ubavu wa kulia, anisikie.

"Tangu lini?"

"Nini, Bibi?"

"Usinitafutie nini. Sikio."

Akatazama miguu yake. "Maji yaliingia nilipooga."

"Maji hutoka."

"Basi nta."

"Bobini. Nimeshonea watu miaka hamsini. Mtu akificha kilo mbili najua. Itakuwa sikio?"

Akaokota kipande cha uzi sakafuni, akaanza kukizungusha kidoleni, raundi, raundi, kama jina lake.

"Siku ya mashindano ya kwaya," akasema mwishowe. "Mwezi wa tatu. Nilicheka na kijana wa sauti ya chini. Alikuwa amesahau maneno, akawa anafungua mdomo tu kama samaki. Nani asingecheka? Tulipotoka nyuma ya ukumbi, Mstaarabu akanipiga. Mara moja tu, Bibi. Baadaye alilia kuliko mimi. Alipiga magoti. Ilibidi mimi ndiyo nimbembeleze."

"Mara moja."

"Mara moja ya hiyo."

"Na nyingine?"

"Nyingine si za kuhesabu. Kushikwa mkono. Kusukumwa. Ana wivu, Bibi. Wivu si ndiyo..." Akainua macho, na nakwambieni hayakuwa macho ya mtu anayeumia. Yalikuwa macho ya mwanafunzi anayetoa jibu alilofundishwa. "Si ndiyo muhuri? Wewe si ulipigwa, ukakaa na babu miaka thelathini? Si mlipendana? Mama anasafisha picha yake kila Jumapili. Wenzangu wote wananionea gere."

Nilitamani sakafu ipasuke. Sakafu yangu ni ya saruji nzuri, haikupasuka.

Nikapiga moyo konde. "Nisikilize. Hadithi ile nimeitia chumvi."

"Najua," akatabasamu. "Kila mtu anajua unatia chumvi."

"Hapana. Nimeitia chumvi ili ilike. Halikuwa shavu, lilikuwa sikio. Hakikuwa kiganja, ilikuwa ngumi. Fundi saa aliuliza saa kweli, hiyo ni kweli, na mimi nilicheka kweli. Halafu nikaamka nikiwa chini ya meza, na babu yako anamenya viazi vya chakula cha jioni kana kwamba hakuna kitu. Yale maneno ya muhuri wa mji gani, nani aliweza kuyasema? Nilikuwa na damu mdomoni. Nimeyatunga mimi, miaka kumi baadaye."

Bobini alinitazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikanyoosha mkono nimshike.

Alikuwa anacheka.

"Anamenya viazi!" akasema. "Bibi wewe! Hiyo ya viazi ni mpya. Irudie, irudie hapo pa chini ya meza!"

Wasomaji wangu, nimezika mume, nimezika watoto wawili. Nimeshaunguliwa nyumba. Mmeyasoma yote hayo humu, wiki baada ya wiki. Hakuna siku niliyobanwa kama ile. Maisha yangu yote nilikuwa namwaga uongo kwa kichekesho, na watu wananiamini. Leo nautoa ukweli, nao unaombwa urudiwe.

Machozi yakanitoka. Bobini akapiga makofi. Niliwahi kulia kwenye hadithi zangu nyingi, si mnajua? Nalia vizuri sana.

Ndipo nikakumbuka droo.

Cherehani yangu ina droo mbili. Ya kulia ya bobini na sindano. Ya kushoto ina kadi moja ya hospitali, imekunjwa mara nne, imekuwa njano kama jino. Sijawahi kumwonyesha mtu. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano aliniuliza, "Mama, mbona nikikuita upande huu huniitikii?" Baba yake alikuwa pale pale, amemshika mapajani, anamsuka nywele. Ndiyo, alikuwa anajua kusuka. Nilimtazama mtoto, nikamtazama baba, na kitu kilichokuwa karibu na ulimi wangu kikawa kichekesho. Nilimlinda mtoto asiujue mkono wa baba yake. Sikujua kama ninamwandalia mjukuu muhuri.

Nikamkunjulia Bobini kadi. "Soma. Mkono wa daktari huo, si wangu. Daktari hatii chumvi."

Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Sikio la kushoto. Ngozi ya ndani imepasuka. Sababu..." Akasimama. "Sababu, ameanguka ngazini."

Akanirudishia kadi, pole pole, kama mtu anayemvisha mtoto aliyejikojolea, asimwaibishe.

"Si unaona, Bibi? Ulianguka."

Lo! Ushahidi wangu wa pekee duniani, na niliuharibu mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya daktari, siku ile ile. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika mwavuli wangu. Ningesema nini?

Nilibaki nimeishika kadi kama tikiti ya gari lililokwisha kuondoka. Halafu nikauliza tu, bila hata kutegemea kitu:

"Bobini. Ile nyumba ya posta tuliyokaa, si uliiona mwaka jana ulipokwenda na mama yako?"

"Niliiona."

"Ilikuwa na ngazi?"

Akaanza tena kuuzungusha uzi kidoleni.

"Kibaraza chake kiko sawa na barabara," nikasema. "Mvua ikinyesha kuku walikuwa wanaingia na maji ndani. Ngazi ipi niliyoanguka?"

Uzi ukasimama kidoleni.

Sasa hakucheka. Alivuta mkoba wake wa shule, akaingiza mkono mpaka chini kabisa, chini ya vitabu, chini ya daftari la nyimbo ambalo hana kazi nalo tena. Akatoa karatasi ya zahanati, imekunjwa mara nne. Mara nne, kama yangu. Nani alimfundisha kuikunja vile?

"Nisomee," nikamwambia. "Miwani yangu ina ukungu."

"Ameanguka ngazini," Bobini akasoma.

Mimi ndiye ninayeshona sare za shule yao. Nimepima walimu mle, nimepima mpaka mpishi. Madarasa yote yako chini, yamejipanga kama mabehewa.

"Ngazi ipi, mwanangu?"

"Hakuna."

"Na muuguzi hakuuliza ngazi ipi?"

"Hakuuliza. Wako je?"

"Wangu naye hakuuliza."

Tukatazamana. Na hapo, sijui niseme nini, tulicheka. Wote wawili. Tulicheka mpaka nikashika kibao cha cherehani nisianguke kwenye ngazi nyingine. Ndicho kicheko kibaya kuliko vyote nilivyowahi kucheka, na kilipokwisha alikuwa ameniegemea begani, analia kilio kisicho na sauti, shati langu limelowa.

"Bibi," akasema chini chini.

"Naam, mama."

"Ndani ya sikio lako huwa kuna kitu? Kama birika linalotaka kuchemka?"

Sijawahi kumwambia mtu habari ya mluzi ule. Kwenye hadithi ya muhuri haumo. Hauchekeshi.

"Kipo," nikasema.

"Huwa linanyamaza baada ya muda gani?"

Jamani.

Nilimshika tu kichwa. Na kwa jinsi nilivyomshika akaelewa, maana nilisikia pumzi yake ikikatika.

"Leo anakuja kunichukua," akasema. "Saa kumi. Ananipeleka kwao, anataka mama yake anione."

"Usiende."

"Atauliza kwa nini."

"Mwambie bibi yako amekukataza. Mwambie bibi yako ni mchawi. Mwambie mimi ndiye."

"Nikimwambia hivyo atakuja juu, Bibi. Humjui."

"Namjua. Nimeishi naye miaka thelathini."

Aliinua uso. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwake aliponitazama bila kusubiri kichekesho.

"Kweli alikuwa anamenya viazi?" akauliza.

"Kweli. Na nilivila."

Akafuta pua kwa mkono wa sare. Akaanza kusema kitu, "Basi mimi..." Nikainama kumsikia. Nikazunguka stuli nizime pasi iliyokuwa inanukia moto kwenye meza ya pili, nikarudi haraka nisimpoteze. Katika haraka ile nikasimama upande mwingine. Sikufikiri. Fundi anazunguka mteja upande wowote.

"Hodi!"

Sauti laini, ya adabu, nyuma ya pazia. Niliona ncha za viatu vyake vilivyopangwa nje, kimoja karibu na kingine, vimepigwa rangi.

"Shikamoo, Bibi."

Sikuitikia. Ndiyo shikamoo ya kwanza niliyoiacha hewani tangu nizaliwe.

"Bobini yupo?"

Bobini akasimama. Nikauona mkono mmoja ukienda kwenye nywele. Nikausubiri wa pili uende usoni, lakini huo ulikuwa umeikamata karatasi ya zahanati, umeifumba, na sikujua anaipeleka mlangoni kumwonyesha au anaificha asiione.

Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili.

"Bobini," nikamwita. "Bobini, mwanangu, usitoke."

Hakugeuka. Pazia likaanza kufunuliwa.

Ndipo nilipotazama nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa upande wake wa kushoto.